Kuzamia kwenye Meli Iliyozama, Kisha Kupanda Mbeya

Mzamiaji wa Tanga au Mafia akitoka majini huvua mtungi, hujifuta maji, akaenda kula. Kwao ni pale pale, usawa wa bahari. Sisi wa Mbeya, Iringa, Njombe na Makete tuna kazi ya ziada. Tukitaka kuona meli iliyozama, iwe ziwani au baharini, lazima tushuke, na tukimaliza lazima tupande. Kupanda huko ni sehemu ya kuzamia kwenyewe, tena ndiyo inayosahaulika kuliko zote.

Maswali mawili huulizwa sana na vijana wa huku waliopata vyeti vya kuzamia Zanzibar au Dar es Salaam. La kwanza: Ziwa Nyasa lina meli za kuzamia? La pili: naweza kuzamia Matema asubuhi na kulala Mbeya usiku huo huo? Jibu la kwanza ni refu na lina historia ndani yake. Jibu la pili ni fupi: hapana. Naanza na hilo fupi, kwa sababu ndilo linaloweza kumlaza mtu hospitalini.

Hewa ina uzito, na uzito huo unatukandamiza wakati wote. Kadiri unavyopanda mlima, hewa iliyobaki juu yako inapungua na mgandamizo wake unapungua. Tuseme mgandamizo wa usawa wa bahari ni 100. Ufukweni Matema, ambako uso wa ziwa uko kama mita 474 juu ya bahari, unabaki kama 94. Tukuyu, kwenye mita 1,500 hivi, ni 83. Mbeya mjini, kama mita 1,700, ni 81. Na barabara ya kutoka Tukuyu kwenda Uyole haiishii kwenye kimo cha Mbeya. Inapanda kwanza hadi kwenye baridi na mashamba ya viazi, juu ya mita 2,000, ambako mgandamizo umeshuka hadi kama 78, ndipo inateremka kuingia Uyole. Asiyeamini achukue chupa tupu ya maji ya kunywa, aifunge kwa nguvu akiwa Uyole na kuiweka kwenye begi. Akifika Kyela ataikuta imebonyea. Hewa nzito ya ziwani imeibana hewa nyepesi aliyoifungia mlimani.

Majini mambo hayo hutokea kwa kasi zaidi. Mita 10 tu za maji zinakandamiza karibu sawa na hewa yote iliyo juu ya bahari. Kwa hiyo mtu aliye mita 10 chini yuko kwenye mgandamizo mara mbili ya ule wa juu, mita 20 mara tatu, mita 30 mara nne. Mtungi humpa hewa yenye mgandamizo unaolingana na mahali alipo, la sivyo kifua kisingeweza kuvuta. Na hewa hiyo, kama hewa yoyote, ina naitrojeni asilimia 78. Mwili hauitumii naitrojeni. Inaingia mapafuni, inayeyuka kwenye damu, kisha kwenye misuli, viungo na mafuta, na inajikusanya zaidi kadiri mtu anavyokaa chini na kadiri anavyokwenda kina kirefu.

Wakati wa kupanda, naitrojeni hiyo lazima itoke. Ikitoka polepole kupitia mapafuni hakuna shida. Mgandamizo ukipungua ghafla, inafanya kama gesi ya soda iliyofunguliwa haraka: inageuka mapovu pale pale ilipo, ndani ya mishipa na viungo. Ndiyo maana wazamiaji hufundishwa wasipande kwa kasi inayozidi mita 9 kwa dakika, na wasimame mita 5 chini ya uso wa maji kwa dakika 3 kabla ya kutoka.

Hapa ndipo mtu wa nyanda za juu anapopotea. Anafuata kila alichofundishwa, anatoka majini akiwa mzima, hana maumivu, anaona kazi imekwisha. Lakini naitrojeni ya ziada haijamwisha mwilini. Inaendelea kutoka kwa saa nyingi, na mwili unaimudu kwa sababu mgandamizo wa pale ufukweni unatosha kuizuia isifanye mapovu. Akipanda Coaster ya Mbeya mchana huo huo, ile soda inafunguliwa mara ya pili. Mapovu madogo ambayo huenda yalikuwapo bila kumsumbua yanapanuka kwa kama moja ya tano akifika kule juu kwenye viazi, na mengine mapya yanazaliwa.

Watu wengi wanajua kwamba mzamiaji haruhusiwi kupanda ndege mara moja. Wasichojua ni kwamba ndani ya ndege kubwa ya abiria hewa hubanwa ili isiwe nyepesi kuliko ile ya mlima wa mita 2,400 hivi. Linganisha na barabara ya Uyole. Kwa upande wa mgandamizo, aliyetoka Matema kwa basi na aliyepanda ndege hawajaachana mbali, ila wa ndege alionywa na wa basi hakuonywa na mtu.

Shirika la Divers Alert Network, linaloshughulika na usalama wa wazamiaji, lina mwongozo wa kusubiri kabla ya kwenda kwenye kimo cha kati ya mita 600 na mita 2,400 hivi, na ukitazama ramani yetu, karibu miji yote ya Nyanda za Juu Kusini imo humo. Aliyezamia mara moja, bila kulazimika kusimama njiani kutoa naitrojeni (zile dakika 3 za tahadhari hazihesabiwi), asubiri angalau saa 12. Aliyezamia mara kadhaa kwa siku, au siku kadhaa mfululizo, angalau saa 18. Aliyezamia hadi akalazimika kusimama njiani wakati wa kupanda asubiri zaidi ya saa 18 kwa kiasi cha kutosha, na wengi huchukua siku nzima. Hizo ni saa za chini kabisa. Mimi ningemwambia mdogo wangu azamie kwa mara ya mwisho asubuhi, alale Matema, na apande gari kesho yake mchana. Usiku mmoja wa ziada ufukweni, kwa wali wa Kyela na samaki wa ziwani, si adhabu.

Mwelekeo wa safari nao una maana. Anayeshuka kutoka Mbeya asubuhi na kuzamia mchana hana tatizo hili, maana mwili wake umeshazoea hewa nyepesi na una naitrojeni kidogo kuliko wa mwenyeji wa ziwani. Hatari iko kwenye kupanda tu.

Kwa anayezamia pwani na kurudi kwa barabara, hesabu ni nafuu kidogo. Basi la alfajiri kutoka Dar es Salaam hukaa chini kwa muda mrefu, Chalinze, Morogoro, Mikumi, Ruaha Mbuyuni, na saa hizo kwa sehemu kubwa ni sawa na saa za kusubiri. Kupanda kwa kweli kunaanza Kitonga. Kutoka pale hadi Iringa, Mafinga na Makambako hushuki tena. Treni ya TAZARA ni bora zaidi kwa jambo hili: inapita bonde la Kilombero ikiwa chini kabisa hadi Mlimba, halafu ndipo inapoanza kuzipanda zile tuta na mahandaki kuelekea Makambako. Mtu aliyetoka majini jana yake mchana anafika Mlimba akiwa ameshamaliza saa zake. Ndege ya Dar es Salaam kwenda Songwe haina nafuu hiyo hata kidogo.

Na kama ugonjwa umeshamkuta mtu Matema? Dalili zake ni maumivu ya ndani kwenye bega, kiwiko au goti, uchovu usio wa kawaida, ngozi kuwasha au kuwa na mabaka, ganzi, miguu kukosa nguvu, kizunguzungu. Nyingi hujitokeza ndani ya saa chache. Silika ya kila mtu hapo itakuwa kumkimbiza hospitali ya rufaa Mbeya, na nia ni njema, lakini njia ya kwenda huko inapita kwenye mgandamizo mdogo unaoyakuza mapovu. Kinachomsaidia kwanza ni kupumua oksijeni tupu, alale chali, apewe maji ya kunywa kama fahamu zake ni nzuri, na apigiwe simu daktari anayejua magonjwa ya wazamiaji kabla gari halijawashwa. Huenda bado ikabidi apandishwe, lakini apandishwe akiwa kwenye oksijeni na kwa uamuzi wa daktari. Tiba kamili ni kuingizwa kwenye chumba maalumu kinachorudisha mgandamizo na kuupunguza polepole. Kwa hiyo mtungi wa oksijeni, namba ya daktari na jibu la swali "chumba cha karibu kiko wapi na tunafikaje?" vinatafutwa kabla ya safari. Kikundi kisicho na hivyo vitatu kiende kuogelea tu kwa miwani na mapezi juu ya maji, na ziwa bado litawapa samaki wa rangi zote kwenye yale mawe ya kuelekea Ikombe.

Sasa meli zenyewe.

Ziwa Nyasa lina historia nene ya meli, ila historia hiyo haikuacha magofu mengi ya kuzamia, na sababu zake zinafaa kueleweka. Chukua tukio maarufu kuliko yote. Tarehe 13 Agosti 1914, siku chache baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia kuanza Ulaya, meli ya Waingereza iitwayo Gwendolen, chini ya Kapteni Rhoades, ilivuka ziwa kwenda Sphinxhafen, bandari ya Wajerumani ambayo leo ni Liuli, mkoani Ruvuma. Huko ilikuwapo Hermann von Wissmann, meli ya Wajerumani ya miaka ya 1890. Rhoades akaipiga mizinga. Nahodha wa Kijerumani, Berndt, aliyekuwa rafiki yake, alipanda mtumbwi akamfuata kumgombeza, maana habari za vita zilikuwa hazijamfikia. Akachukuliwa mateka. Hilo linahesabiwa kuwa miongoni mwa mapambano ya kwanza kabisa ya majini katika vita ile nzima, na lilitokea kwenye ziwa letu. Lakini mzamiaji hana cha kufuata hapo: Hermann von Wissmann ilikuwa imevutwa juu nchi kavu kwa matengenezo ilipopigwa. Haikuzama.

Iliyozama kweli ni Vipya. Tarehe 30 Julai 1946, katika msimu wa upepo mkali wa kusi ambao watu wa ziwani wanaujua kwa jina la mwera, meli hiyo ilipinduka upande wa Nyasaland, ambayo sasa ni Malawi, kwenye sehemu ya kaskazini ya ziwa. Watu wapatao 145 walikufa. Nitarudi kwa meli za aina hiyo, kwa sababu haifai kuzitaja kwenye orodha ya vivutio na kuendelea.

Tazama sasa umbo la ziwa. Kwa upande wa mashariki, kuanzia Matema kwenda Ikombe na kusini kuelekea Ludewa, milima ya Livingstone inaingia majini bila kupumzika. Mteremko unaouona juu ya maji unaendelea chini yake. Ziwa lina kina cha hadi mita 700 na ushee, na mzamiaji wa burudani kikomo chake ni mita 40, tena baada ya mafunzo ya ziada. Mwenye cheti cha kwanza anaishia mita 18. Chombo kikizama mita mia mbili tatu kutoka ufukwe wa namna hiyo, kimeshapita uwezo wa binadamu mwenye mtungi wa kawaida. Huko chini kabisa, kuanzia kama mita 250, maji hayana oksijeni na hayachanganyiki na ya juu. Hakuna samaki na kuoza kunakwenda polepole mno. Kwa hiyo inawezekana vyombo bora kuliko vyote vya ziwa hili vimelala huko vikiwa vizima, na hatutaviona kwa macho yetu.

Upande wa Kyela ni kinyume chake. Kuna ukingo mpole, mchanga, na mito ya Songwe, Kiwira, Mbaka na Lufilyo inayoteremka kutoka Rungwe na milima mingine ikiwa imebeba udongo. Kyela hupata mvua nyingi kuliko sehemu kubwa ya nchi, na kila masika ziwa karibu na midomo ya mito hugeuka rangi ya chai ya maziwa. Bandari ya Itungi imesumbuliwa na mchanga na tope hilo kwa miaka. Chombo kilichozama pale hakikai wazi, kinafukiwa. Na kwenye midomo ya mito kuna mamba. Sehemu nyingine za pwani tulivu zenye majani zina kichocho, na aliyezamia ziwani aende kupimwa baadaye hata kama anajisikia vizuri.

Mpaka hapa mtu anaweza kudhani ziwa halina faida kwa mpenda magofu. Lina faida moja kubwa: maji yake ni matamu, na maji matamu huhifadhi. Baharini mbao zina adui anayejulikana na kila fundi wa jahazi, kiumbe wa jamii ya kombe mwenye umbo la mnyoo ambaye hutoboa mbao na kuishi ndani yake. Ndiye aliyewafanya mafundi wa pwani wapake deheni, mchanganyiko wa mafuta ya mnyama na chokaa, chini ya vyombo vyao tangu enzi. Jahazi likizama bila ulinzi huo, sehemu isiyofunikwa na mchanga huliwa. Ziwani kiumbe huyo hayupo. Mtumbwi wa gogo uliozama kwenye maji ya utulivu unaweza kukaa vizazi kadhaa ukiwa bado mtumbwi. Na shehena yake ikiwa ni vyungu vya Wakisi, vile vinavyouzwa mnadani Lyulilo, vyungu havina cha kuozea kabisa. Kwa maoni yangu urithi mkubwa wa chini ya Ziwa Nyasa uko kwenye vyombo hivyo vidogo kuliko kwenye meli za mizinga, na sijui kwa nini tunazungumza zaidi juu ya mizinga.

Chuma nacho hupata nafuu. Chumvi hurahisisha umeme mdogo unaosababisha kutu kupita majini, kwa hiyo chuma huliwa haraka zaidi baharini. Ushahidi mzuri kuliko wote uko Ziwa Tanganyika. Graf von Goetzen ilijengwa Papenburg, Ujerumani, ikafunguliwa vipande vipande, ikasafirishwa kwenye maelfu ya makasha hadi Dar es Salaam na kwa reli hadi Kigoma, na kuunganishwa tena pale. Tarehe 26 Julai 1916, Wajerumani walipoona wanakaribia kuondolewa, mafundi wao waliipaka mitambo yake grisi nzito na kuizamisha wenyewe karibu na mdomo wa Mto Malagarasi, kwa matumaini ya kuja kuichukua. Waingereza waliiibua 1924. Mitambo ilikuwa inafaa. Mwaka 1927 ilirudi kazini kwa jina la Liemba, na ndiyo hiyo hiyo ambayo watu wa Rukwa waliijua ikitia nanga Kasanga miongo mingi baadaye. Meli iliyokaa chini ya bahari ya chumvi kwa miaka minane isingekuwa na mwisho huo kirahisi. Mwenzake Hedwig von Wissmann, iliyozamishwa na Waingereza tarehe 9 Februari 1916 kwenye ziwa hilo hilo, haikuibuliwa.

Anayetaka gofu la kuzamia leo, lenye viongozi, boti na vifaa, kwa hiyo ataishia pwani. La kuanzia ni Great Northern, meli ya Waingereza ya kutandaza nyaya za simu chini ya bahari, iliyojengwa 1870 na kugonga mwamba karibu na Mji Mkongwe, Unguja, mwishoni mwa 1902. Iko kama mita 12 tu, kina ambacho mwenye cheti cha kwanza anakimudu na ambako naitrojeni hukusanyika polepole. Meli imeshabomoka na imekuwa nyumba ya samaki. Samaki aina ya taa wamejaa kwenye mchanga na vyuma vyake. Karibu na hapo kuna Pegasus, manowari ya Waingereza iliyozamishwa na manowari ya Kijerumani Königsberg tarehe 20 Septemba 1914. Hiyo iko chini zaidi na si ya mwanagenzi.

Königsberg yenyewe ina uhusiano na sisi ambao haupo kwenye vipeperushi vya utalii. Ilikimbilia kwenye delta ya Rufiji, ikashambuliwa, na nahodha wake akaiharibu tarehe 11 Julai 1915. Mizinga yake iliondolewa ikapelekwa kwenye vita vya nchi kavu, mmoja ukafungwa juu ya ile Graf von Goetzen. Baadaye vyuma vyake vikakatwa na kuuzwa, na kilichobaki kikazama kwenye tope. Tope la Rufiji linatoka wapi? Sehemu yake ni udongo wa Usangu, wa Mufindi, wa milima ya Kipengere, unaoshuka na Ruaha Mkuu na mito ya Kilombero. Hakuna mzamiaji anayeweza kuona kitu kwenye maji yale, na kuna mamba na viboko. Lakini gofu la meli maarufu kuliko zote za pwani yetu limefunikwa kwa kiasi fulani na udongo wa mashamba yetu.

Kwa atakayezamia ziwani, yapo marekebisho machache. Vyama vingi vya wazamiaji huhesabu mahali popote juu ya mita 300 kuwa ni kuzamia kwenye mwinuko, na Ziwa Nyasa limepita hapo. Tofauti kwa Nyasa ni ndogo. Inakua kadiri unavyopanda: kwenye Ziwa Ngozi, lile la kasoko juu ya Isongole lililo zaidi ya mita 2,000, mita 20 za kina zingeuchosha mwili kama mita 25 hivi za baharini, kwa sababu mtu anatoka kwenye mgandamizo mkubwa kurudi kwenye hewa nyepesi mno. (Ngozi hakuna meli, na ziwa la volkano lenye gesi chini yake si mahali pa kujaribia.) Kompyuta nyingi za mkononi za kuzamia hujirekebisha zenyewe, za zamani lazima uziwekee kimo. Maji matamu hayakubebi juu kama ya chumvi, kwa hiyo mzamiaji aliyejifunzia Zanzibar apunguze kilo mbili hivi kwenye mkanda wake wa uzito, la sivyo atazama kuliko anavyotaka. Miezi ya Mei hadi Agosti ni ya mwera na mawimbi. Masika ni ya tope. Kipindi kizuri ni Septemba hadi Novemba, maji yanapokuwa angavu kabla ya mvua. Vituo vya kuzamia vyenye vifaa viko upande wa Malawi, Nkhata Bay na Cape Maclear.

Kuingia ndani ya gofu ni jambo la wachache, na natamani lingebaki hivyo. Kulitazama kutoka nje ni salama kiasi. Ndani, njia ya kwenda juu imezibwa na chuma. Vumbi la miaka hulala sakafuni, na pigo moja la pezi linalitimua hadi taa haifai kitu. Mtu anakuwa kipofu ndani ya chumba asichokijua. Nyavu zilizonaswa humshika mtungi mtu asiyejua ameshikwa na nini. Waliofunzwa huingia na kamba waliyoifunga nje, taa zaidi ya moja, na hutumia theluthi ya hewa kuingia, theluthi kutoka, na theluthi ya mwisho haiguswi ila kwa dharura. Asiyefunzwa asivuke mlango, hata kama mwenzake amevuka.

Na kuna meli ambazo hata kuzitazama kwa furaha hakufai. Vipya ni kaburi. MV Bukoba ya Ziwa Victoria, 1996, ni kaburi, na Spice Islander I iliyozama kati ya Unguja na Pemba, Septemba 2011, vilevile. Baadhi ya waliokufa humo hawakupatikana, na ndugu zao wako hai. Pegasus nayo ilizama na watu wake. Mimi naona meli iliyochukua watu ambao bado wana watoto na wajukuu wa kuwalilia isifanywe safari ya burudani kabisa, na ile ya zamani itembelewe kama mtu anavyotembelea makaburi ya kijiji kisicho chake, bila kupanda juu, bila kuchokonoa.

Vitu vya ndani ni sehemu ya meli. Mkataba wa UNESCO wa 2001 kuhusu urithi wa chini ya maji unahesabu kuwa urithi kitu kilichokaa majini miaka 100 au zaidi, na unataka kwanza kabisa kiachwe kilipo. Kwa kipimo hicho magofu ya vita vya 1914 hadi 1918 yameshaingia. Sababu si ya kisheria tu: chuma au ubao uliozoea maji ukitolewa na kuachwa ukauke hupasuka na kuporomoka ndani ya muda mfupi, na sahani ya kaure iliyowekwa sebuleni haiwezi tena kumweleza mtaalamu ilikuwa kwenye chumba gani, karibu na nini.

Kwa Ziwa Nyasa, ramani ya magofu iliyo bora kuliko nyingine haijachapishwa. Wanayo wavuvi, kwa sababu wanajua mahali nyavu zao hunasa na kuchanika kila mwaka, na wanajua lipi ni jiwe na lipi si jiwe. Anayetaka kutafuta aanze na ofisi ya kijiji na kikundi cha usimamizi wa uvuvi cha ufukwe husika, BMU, aamkie wazee, aseme anatafuta nini na kwamba hatachukua kitu. Akionyeshwa mahali, ahifadhi vipimo vya mahali hapo kwenye simu, apige picha bila kugusa, aandike kina, jina la kijiji na maneno ya mvuvi kama alivyoyasema, kisha apeleke taarifa Idara ya Mambo ya Kale au Makumbusho ya Taifa, nakala abaki nayo mwenyekiti wa kijiji.